Mgeni Asiyeota

Kwa shangazi yangu, mbwa hapewi jina mpaka aote ndoto. Hiyo ni sheria ya nyumba, na kama una swali kamuulize mwenyewe, ila uwe na muda wa kusikiliza. Mbwa akifika huitwa Mgeni. Atakula, atakunywa, atatolewa kupe, atakojoa anapotaka, lakini jina hapati. Kisha mchana mmoja anapitiwa na usingizi wa kweli, na miguu yake inaanza kukimbia huku mwenyewe amelala. Hapo Shangazi huacha alichoshika, hufuta mikono kwenye kanga, husogea polepole na kumtazama. "Huyu sasa amefika," husema, na jina humjia palepale. Ndivyo alivyopatikana Karani, ambaye hukaa langoni akiwakagua wanaoingia, na Bomba, ambaye hanywi maji ya bakuli, na Kigoda, dume la miguu mitatu.

Shangazi ni dobi. Nyumba anayokaa ilikuwa ya udobi kabla yeye hajazaliwa, na bado ina masinki ya saruji yaliyopangana ukutani, mapana, mtu mzima anaweza kujilaza humo. Mawili anafulia shuka za nyumba za wageni. Yaliyobaki wanalala mbwa. Uani kuna kamba zinazotoka ukuta hadi ukuta, na tangu asubuhi shuka nyeupe zinaning'inia safu kwa safu. Ukikaa barazani huoni mbwa, unaona miguu tu ikitembea chini ya weupe, inasimama, inarudi, na mara shuka inajaa upepo na pua inachungulia. Mimi ni fundi wa kushona, kibanda changu kiko mtaa wa nyuma, na jua likichoma nafunga na kwenda kwake kushona magodoro ya mbwa kwa shuka zilizochakaa. Mara nyingi usingizi hunichukulia kwenye cherehani. Nikifumbua macho, sijui kama ninachokiona ni shuka au bado naota.

Msidhani ni raha tupu. Vidole vya Shangazi vimeliwa na sabuni hadi kucha zimekuwa laini, na mgongo wake hunyooka kwa hatua, kwanza kiuno, halafu mabega. Watu wanamletea mbwa kama wanavyomletea nguo chafu, tofauti ni kwamba nguo wanazirudia. Wastaarabu wanagonga na kutoa maelezo marefu. Wengine wanafunga kamba langoni na kuingia mitini. Siku hizi wengi ni hawa wa uso bapa, waliokunjamana ngozi, ambao kwenye picha ya simu ni wazuri kweli. Mtu ananunua. Akifika nyumbani anagundua kwamba mnyama anakoroma akiwa macho, machozi hayamkauki, mikunjo ya ngozi inatoa uvundo isipofutwa kila siku. Basi anakumbuka kwamba kuna mama fulani dobi ana huruma. Huruma ya mtu mwingine ni kitu rahisi sana kukitumia, na mimi jambo hilo hunipandisha hasira kila nikilifikiria.

Na kwa kuwa nimeanza kusema, niseme yote. Hao mbwa hawaoti kwenye miti. Wanatoka kwa watu kama baba yangu.

Baba ni kaka mkubwa wa Shangazi. Alikuwa fundi saa, na saa zilipohamia kwenye simu, yeye alihamia kwenye mbwa, kuwazalisha na kuuza watoto. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na vizimba vya waya vyenye majike ya rangi ya chai ya maziwa, wanaofanana kiasi kwamba mimi sikuwahi kuwatofautisha, wala sikujaribu, maana uani kwake nilikuwa siingii. Baba si katili. Ningependa awe katili, ingekuwa rahisi kumkasirikia. Anawapikia mwenyewe, anawafuta macho kwa pamba, na hata leo atakwambia kwa macho makavu kwamba hakuna anayependa mbwa kumzidi.

Kila wiki tunakula kwake, sisi watatu. Zamani, mama yangu akiwa hai, kaka na dada waligombana mezani juu ya mbwa hadi bilauri ikapasuka. Mama akasema mezani kwake neno hilo lisitajwe tena. Alipofariki tulitunza vikombe vyake na tukaitunza amri yake. Tunaongelea magoti, mvua na majirani. Kule nyuma wanabweka, na Shangazi anaomba chumvi.

Sasa huyu Mgeni ninayetaka kusimulia habari zake alikutwa langoni asubuhi moja, amefungwa kamba kwa fundo legevu, chini yake blanketi lililokunjwa vizuri, pembeni bakuli la maji. "Aliyemwacha huyu alikuwa na haya," Shangazi alisema. Wiki hiyohiyo alikuwa ameniambia anafunga lango, hachukui mwingine, mwili umegoma. Aliniambia hivyo huku akilia, na Shangazi si mtu wa kulia. Kisha akachuchumaa, akaifungua ile kamba.

Alikuwa jike la rangi ya chai ya maziwa, chuchu zimelegea hadi karibu na vumbi, pumzi zinapita puani kwa shida. Shangazi alimgeuza, akapapasa tumbo, akakuta kovu refu linaloshuka kutoka kitovuni. Alifurahi. Pale kwake jike ambaye hajafungwa kizazi hukaa chumba cha pasi, mlango umefungwa, mpaka daktari wa mifugo apate nafasi baada ya kazi zake. Mwenye kovu huachiwa uani na wenzake, na mikono yenye kazi nyingi hutafuta kovu kwanza. "Afadhali," alisema. "Kuna mtu aliwahi kumfikiria huyu." Basi Mgeni akaachiwa katikati ya shuka. Kigoda alikuwa bado anasubiri zamu yake ya kuhasiwa, lakini ni nani angemdhania Kigoda?

Mgeni hakuota. Wenzake wakilala saa za joto, nyumba nzima ikipumua kwa sauti moja nzito, yeye alilala macho nusu wazi, na ukipita karibu ananyanyuka kukupisha. Shangazi alimsogezea godoro, akambadilishia sinki, akamwimbia. Shuka zilianikwa na kuanuliwa, msimu ukageuka, na Mgeni aliendelea kuwa Mgeni. Nilianza kumwonea huruma ya namna isiyonipendeza, ile ya kutaka kugeuza uso.

Mchana mmoja nilikuwa nashona, usingizi umeninyemelea, na katika kusinzia kule nikapiga mluzi. Ni mluzi mfupi wa kupitishia kwenye meno, unapanda mara mbili. Nimeurithi kwa Baba, yeye huupiga akiwa kazini. Mgeni akaamka. Akapita chini ya shuka, moja baada ya nyingine, nikiitazama miguu yake ikienda, hadi kwenye kona ya ukuta. Akasimama uso umeelekea ukutani, akaitanua miguu ya nyuma, akatulia. Hakutetemeka. Alikuwa anasubiri tu.

Nilielewa alichokuwa anasubiri. Mtoto wa mzalishaji haelezwi mara mbili kwa nini jike anafundishwa kusimama hivyo, wala ni dume gani analetwa nyuma yake. Nilielewa pia ni ua wa nani alikofundishiwa. Nikaenda kumgeuza kwa mikono, taratibu, nikimwambia hakuna kitu, hakuna mtu. Shangazi sikumwambia. Nilijikaza kisabuni, nikarudi kushona, sindano ikanichoma.

Kesho yake daktari alikuja kumhasi Kigoda. Ni kijana mpole, daima ana haraka, na pale halipwi zaidi ya chai. Alipokuwa anapita alimwona Mgeni amejilaza ubavu, akasimama. Akapiga goti, akampapasa tumbo, akarudia. Kisha akauliza nani alisema huyu amefungwa kizazi. Shangazi akamwonyesha kovu.

"Mama, hili kovu si la kufunga kizazi. Ni la kuzalishwa," daktari alisema. "Hawa vichwa vya watoto wao ni vikubwa, nyonga za mama ni nyembamba, hawazai bila kupasuliwa. Huyu amepasuliwa palepale, tena na tena. Na sasa hivi ana mimba."

Shangazi aliketi kwenye ukingo wa sinki. Alimtazama Kigoda, ambaye alitikisa mkia.

"Kwangu?" alisema. "Mbwa ameshika mimba kwangu?"

Daktari alieleza na mimi nitaeleza alivyoeleza. Kama mfuko wa uzazi ulipona vizuri mara ya mwisho, angeweza kusubiri watoto wakomae, ampasue siku yao, watoke wazima. Kama uliwahi kuchanika, basi ni kitambaa kilichochoka, kitaachia siku yoyote, na mama atakufa na watoto wake tumboni. Huyo ni wa kupasuliwa leo na kuondolewa kila kitu. Kumkata bila sababu ni kuua watoto. Kumsubiri bila kujua ni kumuua yeye. Mwenye jibu alikuwa mmoja tu, yule aliyekuwa naye mara ya mwisho.

"Namjua," nilisema, na nikatoka mbio kabla Shangazi hajaniuliza.

Baba nilimkuta dirishani, anachokonoa saa ya mkononi ya mtu asiye na haraka. Alinikaribisha, mama karibu, umekula? Nilimwambia yule jike aliyefungwa langoni ni wake, na ana mimba. Mikono yake, ambayo haijawahi kuangusha hata skrubu, iliiachia ile saa mezani. Aliuliza nani amenieleza. Nikamjibu kwamba mluzi wake ndio ulionieleza.

Akasema yote kwa mkupuo, akiangalia vidole vyake. Mara ya mwisho alichelewa kumwita daktari wake, mfuko ukachanika, ukashonwa, na daktari akamwonya kwamba mimba nyingine ni kaburi. Mtu mmoja akataka kumnunua hivyohivyo. Baba akakataa. Alfajiri akachukua blanketi na bakuli, akamfunga kwenye lango la dada yake kwa fundo legevu ili akichoka ajinasue.

"Nilijua pale atapumzika," alisema.

"Na hukusema hata neno moja kwamba hajafungwa kizazi?"

"Ningesemaje, mama? Neno lenyewe haliruhusiwi."

Hapo hasira ilinijaa hadi nikaona meza inasogea. Tangu nizaliwe sijawahi kumpandishia Baba sauti, na siku ile pia sikupandisha, ila ilitoka ikiwa imekauka.

"Mama alikataza mezani, Baba. Langoni hakukataza."

Alivaa viatu.

Tulipofika, Mgeni alikuwa ameshalazwa juu ya meza ya pasi, shuka safi chini yake, na Shangazi ameshika kichwa chake. Baba alisema jibu lake kwa daktari, mara moja, bila kujitetea. Daktari akaanza kuandaa nusu kaputi. Kaka na dada wakabaki wanatazamana juu ya mgongo wa mbwa, na nyuma yao mlango uko wazi, shuka zinapanda na kushuka zenyewe. Nilidhani Shangazi angepiga kelele. Aliongea kwa sauti ya mtu anayehesabu vibanio.

"Kaka, sikudai kitu. Mbwa wako nimewapokea wengi, na wa wenzako, nikijua na nisipojua. Lakini uliniletea huyu usiku wa aibu yako, ukaniacha nimuue kwa mikono yangu. Mimi si jalala lako. Mimi ni mdogo wako."

Baba aliuliza ashike wapi. Shangazi akamwachia kichwa.

Sikuangalia tumbo, niliangalia mikono ya Baba. Ilikuwa imezunguka ule uso bapa, vidole gumba juu ya macho yaliyokuwa bado nusu wazi. Nje, miguu ya mbwa wengine ilikuja kusimama chini ya shuka za karibu na mlango, safu nzima, imetulia. Sijui kama ilikuwa hivyo kweli. Ndivyo nilivyoona. Daktari alipomaliza alisema mfuko ulikuwa umebaki uzi na utando, labda ungefika kesho, labda usingefika. Watoto walikuwa hawajaota hata manyoya. Aliwafunika kwa kipande cha shuka. Baba aliomba kuwaona, na Shangazi akamwambia aone. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akakikunja kile kitambaa mwenyewe, pembe kwa pembe, akaenda kukizika chini ya nguzo ya kamba.

Mgeni alilala hadi jioni bila kusogea. Nilimuuliza Shangazi kama huenda akaota sasa. Akatikisa kichwa. "Huo si usingizi wake," alisema. "Huo ni wa daktari."

Baba alianza kuja kila siku. Hakuitwa, hakufukuzwa. Alikaa kando ya sinki la Mgeni, akimfuta mikunjo ya uso kwa pamba, na Shangazi alipochoka kumwona amekaa, alimpa shuka afue. Alifua vibaya kupindukia. Alisugua kama anayesafisha gurudumu la saa, sehemu moja ndogo, kwa uangalifu, sehemu nyingine yote ikibaki chafu. Shangazi alizirudia bila kusema neno, na mara moja nilimkamata anacheka ndani ya ndoo. Kigoda, aliyekwisha hasiwa na kupoteza kiburi, alilala sakafuni kando yao.

Ilikuwa saa ya joto lile linalonyamazisha hata nzi. Nilikuwa nimelalia mkono kwenye cherehani, na shuka zilikuwa zimesimama wima, hakuna upepo. Nikasikia mtu anasema dada, dada, kwa sauti ya chini kabisa. Nilipofika mlangoni Shangazi alishatangulia, amesimama, mikono inachuruzika. Mgeni alikuwa amelala ubavu, macho yamefumba, yamefumba yote. Mguu wa mbele ulijikunja. Kisha wa nyuma. Kisha yote minne ikaanza, taratibu, halafu kwa kasi, na kooni mwake kikatoka kibweko kidogo cha mbwa aliye mbali sana. Alikimbia hivyo ndani ya sinki la saruji, na sisi watatu tulisimama tukimwangalia akienda.

"Anakimbilia wapi?" Baba alinong'ona.

"Hatujui," Shangazi alimjibu. "Hakuna anayejua. Ila huyu sasa amefika." Akafikiri. "Likizo. Anaitwa Likizo."

Baba alicheka, na katika kucheka akalia, akageuka ukutani tusimwone. Miaka yote ile alikuwa naye, aliniambia baadaye, hakuwahi kumwona akifanya vile.

Nilidhani mambo yameishia hapo, na mimi huwa najiona mjanja. Wiki iliyofuata Baba alikuja langoni na majike yake yote, kamba zimejazana mkononi, wanakoroma kwa jua. Uso wake ulikuwa umechangamka. Alisema ameacha, amemaliza, vizimba anauza chuma chakavu, na hawa anawaleta wapumzike na Likizo. Shangazi alimsikiliza kutoka upande wa ndani. Aliwatazama mmoja mmoja, na nilijua anamtafutia kila mmoja sinki kichwani, maana midomo yake ilikuwa inatembea. Nilitamani kumziba macho. Mgongo wake ulikuwa umeinama palepale alipouachia sinkini.

Hakufungua lango.

"Hapana, Kaka. Ukiacha, acha ukiwa nao," alisema. "Daktari nitakutumia, awafunge kizazi wote. Blanketi nitakupa. Lakini warudi kwako, walale kwako, na wewe uwasubiri."

"Nisubiri nini?"

"Unajua."

Akaingia ndani, akapotea kwenye shuka. Baba alisimama pale na kamba zake, mtu mzima, bila pa kwenda isipokuwa nyumbani. Nilizichukua nusu, tukaongozana.

Sasa naingia uani kwake. Waya umetoka, milango ya vizimba imeegemezwa ukutani, na magodoro niliyoyashona yamepangwa kivulini. Mchana ule niliokwenda, majike walikuwa wamejilaza wote, wengine matumbo bado yana nyuzi za daktari, macho nusu wazi. Baba alikuwa ameinamia sufuria, anawakorogea chakula, jua linampiga kisogoni, akili iko mbali. Na katika kukoroga kule, bila kujua, akapiga mluzi.

Wakanyanyuka wote. Walikwenda ukutani, taratibu, hakuna aliyesukumwa, wakapangana uso kwa ukuta, wakatanua miguu ya nyuma, wakasubiri.

Baba aliganda, mwiko mkononi. Aliutazama ule mstari wa migongo ya rangi moja kwa muda ambao sikuweza kuuvumilia. Kisha akaweka mwiko chini, akajifunika mdomo kwa kiganja, akaenda kukaa chini ya ukuta, kwenye vumbi, katikati yao.

"Nimesahau," aliwaambia. "Nisameheni, nimesahau. Hakuna mtu anayekuja. Kalaleni."

Hawakumsadiki. Nilichukua mwiko, nikaendelea kukoroga ili chakula kisiungue. Ilichukua muda mrefu mpaka mmoja akageuza kichwa, akamnusa mkono, akajilaza kando ya mguu wake, macho wazi.

Jioni Shangazi aliniuliza kama kuna yeyote kati yao aliyeshaota. Nilimwambia bado.